Mapazia ya Nyumba ya Vyumba Kumi na Viwili

12 Januari

Shangazi,

Shikamoo. Pokea salamu zangu, za mke wangu na za pacha, ambao juzi wametimiza miaka saba na kila mmoja bado anadai ndiye aliyezaliwa kwanza. Sote tu wazima. Kazini nako salama, lifti zinapanda na kushuka. Vipi mguu? Bado unakanyaga cherehani kwa mguu mmoja, au umekubali tukununulie mota?

Sasa nisikilize. Nimehudhuria semina ya siku mbili ya uwekezaji wa majumba. Mwalimu alivaa suti nyeupe na viatu visivyo na soksi, na alisema jambo ambalo limeninyima raha tangu siku ile: nyumba ya kwanza usiinunue kwa pesa zako. Inunue kwa pesa za watu wengine, halafu wapangaji wakulipie deni, wewe ukae ukunje nne.

Nyumba nimeshaipata, kwa picha. Iko hapo hapo mjini kwenu, mtaa wa nyuma ya posta, vyumba kumi na viwili, na kumi kati yake vina wapangaji. Kuna kampuni ya mikopo iko tayari kunikopesha. Naomba upite siku moja uitazame. Kwa nje tu, Shangazi, usiingie. Uniambie kama nyumba na picha yake zinafanana.

Nimeambatanisha fomu. Ni mambo ya utaratibu wa ofisi. Weka sahihi ukurasa wa tatu, palipo na alama ya penseli, kisha unirudishie. Usihangaike kuisoma, maandishi yake ni madogo na macho yako nayajua.

Mwanao,
Mwenye Nyumba mtarajiwa


3 Februari

Kwa Mwenye Nyumba mtarajiwa,

Marahaba, baba. Barua yako imefika ina stempu tatu, nikajua ndani kuna shida. Mguu unauma ukijisikia. Mota sitaki, ikiharibika nitakaa kumsubiri fundi, na mimi mwenyewe ni fundi, kwa hiyo najua wanavyosubiriwa. Jirani yangu, yule karani wa mahakama aliyestaafu, bado ananiletea gazeti la jana kila asubuhi na kunisomea kwa sauti ya hukumu. Wiki iliyopita alinisomea bei za vitunguu nikahisi nimefungwa miaka miwili.

Wasema watu kuwa nimekataa simu. Sijaikataa. Nimeona tu kwamba kila nikikuuliza swali la pili mtandao unakatika, ila maswali yako wewe hayakatiki hata siku moja. Barua haina mtandao. Utaisoma mpaka mwisho upende usipende.

Huyo mwalimu wako asiyevaa soksi nimemfikiria sana. Nimejiuliza hao watu wengine wenye pesa ni akina nani. Nikauhesabu ukoo. Baba yako, kaka yangu, ametangulia. Mama yako ana watu wake na shida zake. Nikabaki mimi na cherehani. Nikaona kama nimetajwa kwenye semina na sikualikwa.

Nyumba nimekwenda kuiona. Kwa nje ni ya kijani na imesimama. Lakini mshona mapazia hawezi kupima dirisha akiwa barabarani, watu wangenishangaa, kwa hiyo niliingia na futi yangu shingoni. Nikagonga mlango mmoja baada ya mwingine, napima, naandika, na kila mtu anayepimiwa dirisha huongea. Ukishamwambia mtu kitambaa gani kitamfaa, hakufichi kitu. Sijamaliza, nitarudi.

Fomu yako nimeiweka chini ya cherehani isipeperuke. Miwani yangu iko kwa fundi.

Kizibo hajambo? Miaka kumi na moja hujaniandikia barua bila kumsengenya huyo msimamizi wako, na safari hii hayumo. Au amekufa na hukuniambia?

Shangazi yako


20 Februari

Shangazi,

Shikamoo tena. Nimemsomea mke wangu zile bei za vitunguu, akacheka mpaka akapaliwa na chai. Hatujambo. Kizibo yu hai, anakusalimu sana.

Lakini Shangazi, nilisema kwa nje. Muuzaji ni mtu wa heshima, anavaa tai hata Jumapili, na akijua nimetuma ndugu yangu wa damu apime madirisha atafikiri simwamini. Mambo ya majumba ni imani. Tena ni hesabu, na hesabu nimeshapiga. Kila chumba kodi yake ni elfu hamsini. Vyumba kumi ni laki tano kwa mwezi. Kampuni ya mikopo nitailipa laki nne na nusu kwa mwezi. Inabaki elfu hamsini, bila kunyanyua hata spana. Hivyo viwili vilivyo wazi vikipata watu, inabaki laki moja na nusu. Mwaka wa pili nanunua nyingine. Mwaka wa tano utanitafuta kwa miadi.

Najua utauliza bati likivuja. Halitavuja, ni jipya, lipo kwenye picha.

Ile fomu inasubiriwa. Kijana wa ofisi ya mikopo ananipigia kila siku kwa upole unaonitia wasiwasi. Ni karatasi ya kuonyesha tu kwamba nina ndugu na ndugu wananifahamu. Ikiwa miwani bado, mwambie karani akuonyeshe penseli ilipo. Asikusomee, atachoka bure.

Mwanao

Bibi shikamoo, siku hizi baba ndiye anatusuka nywele, mimi amenisuka vizuri kuliko pacha mwenzangu.


15 Machi

Baba,

Marahaba, na mwambie aliyesukwa vizuri kwamba nimeipokea salamu yake ya pembeni. Huku mvua imenyesha siku nne. Chumba changu cha mbele ni kikavu, kaka yangu alikuwa mkali kwa mafundi. Karani amepata mafua, kwa hiyo gazeti linasomwa kwa hukumu ya chini kidogo.

Nilisubiri hiyo mvua kwa makusudi. Nyumba usiitazame jua likiwaka, jua humsaidia muuzaji. Nilikwenda siku ya tatu. Bati ni jipya kweli, upande wa barabarani. Upande wa uani ni la zamani, limepakwa rangi. Mama wa chumba namba tatu amepanga sufuria tano sakafuni na anajua ipi inajaa kwanza. Mpiga rangi viatu wa chumba cha tano analala kichwa kikiwa mlangoni maana kwenye dirisha kunachuruzika. Choo ni kimoja na kitasa chake ni kamba, ukiwa ndani unaishika mwenyewe.

Sasa kuhusu vyumba kumi vyenye watu. Nimewakuta watu katika vyumba sita. Elfu hamsini halipi yeyote, wanalipa arobaini, na wawili wanalipa wakikumbuka.

Vile vingine vinne vina mapazia mapya. Mshono wake nimeupenda sana, nasema kweli, pindo limenyooka. Lakini yametundikwa upande wa maua ukitazama nje. Mtu anayelala ndani ya chumba hutaka maua ayaone yeye. Pazia likimwonyesha mpita njia uso na ndani likageuza mgongo, hapo hapalali mtu. Nikamwomba mama wa namba tatu anisindikize, tukasukuma mlango wa namba tisa. Kuna kitanda kisicho na godoro, na chini yake viatu viwili, vyote vya mguu wa kushoto. Mpangaji wako wa namba tisa ana miguu ya ajabu.

Piga hesabu yako upya. Sita mara arobaini ni laki mbili na elfu arobaini, na hiyo ni kama wote wamekumbuka. Kila mwezi utatafuta laki mbili na elfu kumi za kuongezea, na bado hujagusa bati wala kitasa. Umenunua nyumba au umeajiriwa nayo?

Miwani bado iko kwa fundi.

Shangazi yako


2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima.

Sitaandika mengi. Yote uliyoyaona yanaweza kuwa kweli, na mwalimu alituonya kwamba ndugu ndio watakaokukatisha tamaa kwanza. Nyumba mbovu hurekebishwa. Mimi ni fundi, kitasa cha choo hakiwezi kunishinda.

Na hata kama ningetaka kurudi nyuma, nimechelewa. Mwishoni mwa Januari nilimpa muuzaji arbuni, laki nane. Mkataba unasema nisiponunua mpaka mwisho wa Juni hairudi. Sikukuambia kwa sababu nilijua utakavyosema, na sasa nimekuambia usinisemee.

Nirudishie fomu, Shangazi. Najua miwani unayo.

Mwanao


30 Mei

Mwanangu,

Miezi miwili sijakuandikia. Kwanza salamu: wote huku wazima, karani amepona na amerudia hukumu zake. Sasa mengine.

Miwani sikuwahi kuipeleka kwa fundi. Ilikuwa puani siku ile ile nilipofungua bahasha yako ya kwanza. Niliisoma fomu kurasa zote tatu, kisha nikamwomba karani anisomee mara ya pili, nikitumaini mimi ndiye niliyekosea. Imeandikwa kwamba mimi, mwenye nusu ya nyumba hii, nakubali iwekwe rehani kwa ajili ya mkopo wako, na miezi mitatu ukishindwa kulipa wataiuza. Nyumba hii ninayolala, baba. Chumba ninachoshonea. Iliniuma. Haikuniuma kwamba ulitaka kuiweka rehani, nusu yake ni yako kutoka kwa baba yako na ungeniomba huenda ningekubali kwa ujinga wa mapenzi. Iliniuma ile penseli. Kukaa ukanionyesha pa kutia sahihi, ukaniombea macho yangu yawe mabovu. Nililia siku moja, ya pili nikarudi kazini, nina wateja.

Ndiyo maana sikukujibu haraka wala sikukutukana. Nilitaka kwanza nione nyumba yenyewe unayotaka kuniuzia yangu kwa ajili yake.

Sasa nikuchekeshe, maana na wewe umeteseka. Siku ile ya kwanza nilipokuwa napima madirisha, mwenye tai alinikuta kwenye korido. Hakuniuliza natoka ukoo gani. Aliniuliza bei. Akasema amepata mnunuzi wa mbali, mtu wa picha, anahitaji vyumba vinne vionekane vina watu, na maua yatazame barabarani. Nikamtazama usoni nikamwambia, bwana, kwa mnunuzi wa mbali kitambaa chepesi hakifai, ataona kwenye picha. Akakubali. Nikamwambia na korido inahitaji. Akakubali. Nikamwambia mapazia bila bitana ni aibu kwa mwenye nyumba. Akakubali, maana alikuwa na pesa mpya mfukoni na pesa mpya haibishani. Nikamshonea na foronya, vitambaa vya meza na pazia la choo, kile choo cha kamba. Bili yake ilifika laki nane kasoro elfu tano. Alilipa taslimu, noti zako mwenyewe huenda, akaniomba nimpunguzie hiyo elfu tano niliyokwisha kuipunguza.

Kwa hiyo wale wapangaji wanne hewa niliwashona mimi. Ndiyo maana niliusifu mshono.

Kitambaa na nyuzi nilitoa kwenye akiba yangu ya dukani, vipande vilivyokaa tangu enzi za baba yako. Pesa zako karibu zote ninazo. Lakini sikurudishii bado, nina swali, na barua haina mtandao.

Kizibo ananisalimu sana? Kizibo ambaye kwa miaka kumi na moja hakujua kama nipo? Mtu mwenye kazi humlalamikia bosi wake, wewe barua tatu humlalamikii mtu. Na fundi wa lifti gani anapata nafasi ya kusuka watoto wawili asubuhi kabla ya shule? Tena nimemuuliza karani, naye ameuliza: benki hutaka hati ya mshahara, hii kampuni yako haikutaka. Mkopeshaji asiyeuliza utalipaje, anajua yeye atalipwaje.

Niandikie ukweli. Fomu naiweka humu ndani ya bahasha, ukurasa wa tatu hauna kitu.

Shangazi yako


12 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara sita.

Kazi ilikwisha Novemba. Kampuni imechukua lifti za aina mpya zinazotengenezwa na waliozileta, wakatuita ukumbini tukapewa keki na barua. Kizibo pia alipewa keki. Sikujua nikuambieje. Miaka yote nimekuwa yule mtoto wa kaka yako aliyefanikiwa mjini, nilijua karani anasomewa barua zangu na wateja wako wanasimuliwa. Nikaona nikinunua nyumba kabla hujajua, habari ya kazi itafika ikiwa ndogo.

Ile arbuni ilitoka kwenye mafao yangu. Mke wangu anajua kazi imekwisha, ila habari za fomu hana. Pacha wanafikiri niko likizo na wameipenda.

Sasa ile penseli. Nilikaa na ile karatasi mezani, nikajiambia hutaumia kwa kuwa sitashindwa kulipa. Nilijiambia mara nyingi, na mtu mwenye hakika hujiambia mara moja. Wewe ndiye uliyenilipia ada kwa sketi za shule za watoto wa watu, halafu nikakuandikia usijisumbue kusoma. Nisamehe, Shangazi. Naona haya hata kukuomba msamaha kwa barua, lakini kwa simu ningekatika mtandao.

Muuzaji nimemwambia sinunui. Alisikitika kwa sauti ndogo akasema arbuni ndiyo imekwenda. Nikamwambia namtakia heri na mapazia yake. Hakunielewa.

Pesa zibaki kwako. Ni jasho lako.

Mwanao


28 Juni

Baba,

Marahaba. Umesamehewa siku ile barua ilipofika, nilichelewa kuandika kwa sababu nilikuwa na mafundi na mafundi hawaachwi peke yao.

Pesa hazikubaki kwangu. Unazikumbuka zile stoo mbili za uani, baba yako alipoweka baiskeli zisizo na matairi? Nimezisafisha. Sakafu ya saruji, milango yenye vitasa vya chuma, madirisha, bati jipya pande zote mbili. Nilihesabu kila msumari, na fundi mmoja amesema hatarudi kwangu hata nikifa. Laki saba na elfu themanini. Hivyo vyumba ni vyetu nusu kwa nusu, na ukitaka kujua mwekezaji anaanzaje, anaanza hivi: chumba kimoja, hakuna deni, na bati unalolijua mwenyewe.

Cha kwanza amepanga nesi. Analipa elfu arobaini na tano, na ya kwanza ameitoa kabla ya kuhamia. Kodi ya mwezi wa kwanza nimeigawa mafungu matatu: lako, langu, na la kuweka, maana siku moja kitu kitavunjika, hicho ndicho mwalimu wako asichokisema akiwa na soksi au bila soksi.

Cha pili ni kikubwa zaidi, kinaingia vitanda viwili na kuna kaukumbi mbele kanakotosha meza. Wameshakuja watu wanne kukiuliza. Karani naye alikitaka. Wote nimewaambia kina mtu.

Hapa mjini lifti hakuna, jengo refu kuliko yote lina ngazi kumi na nne. Lakini vyumba vibovu vimejaa. Mama wa namba tatu ananiuliza kila siku kama namjua fundi wa bati, na mwenye tai hapati mnunuzi mwingine, sasa anataka kukarabati kwa kulipana taratibu. Nimemwambia namfahamu fundi mmoja, mtu wa mbali. Bei utapanga mwenyewe, ila usiwe na haraka ya kumpunguzia.

Shule iko mtaa wa pili, nimeulizia, nafasi mbili za darasa la pili zipo. Siwapi chumba bure, mtu akipewa bure huinama akipita mlangoni, na mimi sitaki uiname kwenye nyumba ya baba yako. Kodi ni elfu hamsini, mwanzo wa mwezi. Fungu lako limo humo, lakini utailipa yote kwanza ndipo nikurudishie lako, tuonekane tuna utaratibu.

Mkija semeni siku, nitawatoa mafundi.

Shangazi yako


6 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Pacha wanakusalimu, na kila mmoja ameshachagua kitanda ambacho hajakiona.

Nilimpa mke wangu barua zako zote azisome, kuanzia ya mwezi wa pili, pamoja na ile fomu. Alisoma mchana mzima mezani. Kwenye viatu vya mguu wa kushoto alicheka mpaka akafuta machozi kwa khanga. Alipofika ya mwezi wa tano aliacha kucheka. Fomu aliisoma mara mbili, akaichana vipande vidogo, akaviweka mbele yangu, na hakunisemesha siku ile wala siku iliyofuata. Nilipika, nikafua, nikasuka, hakuna aliyenisifu.

Siku ya tatu asubuhi nilimkuta ameshusha masanduku kutoka juu ya kabati. Alikuwa anakunja nguo zangu, za kwangu kwanza, nami nikaanza kuhesabu nauli ya mtu mmoja. Kisha akaanza za watoto, kisha zake, sanduku hilo hilo.

Ndipo akasema neno lake la kwanza tangu juzi. Amesema nikuulize kama umeme umo ndani ya kodi.

Mwanao